Madamu na Ua Lisilo Dawa

Ukimwambia Madamu kwamba ua fulani ni zuri, umejitafutia kesi. "Zuri siyo rangi," atakujibu. "Rangi yake nini? Petali ngapi? Shina umelibingirisha?" Kama hujalibingirisha, afadhali ukae kimya, maana kwake mtu anayesifia ua bila kushika shina lake ni sawa na anayesifia pilau kwa kusikia harufu tu.

Kubingirisha maana yake ni hivi. Unachukua shina kati ya kidole gumba na cha shahada, unalizungusha taratibu. Likizunguka bila kukwama, ni la mviringo. Likikwamakwama, lina pembe nne, na hapo Madamu anainua nyusi, kwa sababu yawezekana umeshika ndugu wa mnanaa. Ukoo huo aliupenda kuliko koo zote. Mnanaa, mrehani, kivumbasi, na vijimea visivyo na jina vinavyoota kando ya mifereji, vyote alivitambua kwa vidole, gizani, na mikono yenye sabuni.

Alitufundisha Baiolojia miaka minne katika sekondari moja hapa Morogoro, na miaka yote hiyo sikuwahi kumwona ameketi. Siku ya mtihani wa vitendo alitufunga macho kwa kipande cha kitenge, mmoja mmoja, akatupa mashina tuyatambue. Mimi zamu yangu ilipofika nilibabaika, nikashika mpini wa fagio uliokuwa umeegemezwa mezani, nikaubingirisha kwa makini, nikatangaza, "Mviringo. Si ukoo wa mnanaa." Darasa zima lilianguka kwa kicheko. Madamu hakucheka. Alinipa maksi moja, akaeleza kwamba jibu ni sahihi.

Ndivyo alivyokuwa. Ukweli kwake haukuwa na siku ya mapumziko. Katika harusi ya mwenzetu mmoja tuliyesoma naye, MC alifanya kosa la kumpa kipaza sauti mwalimu wa bwana harusi aseme mawili matatu. Madamu alisimama, akarekebisha miwani. "Bwana harusi nimemfundisha," alisema. "Kwenye mada ya uzazi alipata sifuri. Nikampa mtihani wa marudio, akapata sifuri tena. Bibi harusi, Mungu akutie nguvu." Akaketi. Hiyo ndiyo mara ya kwanza niliyomwona ameketi kwa hiari, na ukumbi ulihitaji dakika kadhaa kurudi katika hali yake. Yule bwana harusi leo ana watoto wanne, na kila anapozaliwa mmoja humtumia Madamu picha. Kila mara Madamu hujibu, "Hayo ni mazoezi kwa vitendo. Nadharia bado."

Safari moja tulikwenda naye msibani Gairo. Tulipanda basi Msamvu asubuhi, na tulipokuwa tumekwenda mwendo kidogo tu Madamu akapiga kelele, "Simama!" Dereva akafunga breki. Konda, kijana mwenye adabu zake, akatangaza, "Haya, wa kuchimba dawa, dakika tano!" Basi abiria wakashuka wote, wanaume upande huu, wanawake upande ule, kila mtu akitafuta kichaka chake. Madamu peke yake alipiga magoti ndani ya mtaro, mbele za watu, anatazama kimmea kisichofika hata kifundo cha mguu. Mama mmoja akamwonea huruma, akamwuliza kama tumbo limetulia. "Tumbo langu halina neno," alijibu bila kugeuka. "Haya majani yamepangwa mawilimawili." Tulichelewa mazishi, na wenye msiba hatukuweza kuwaeleza sababu.

Msidhani lakini kwamba alikuwa mtu wa mstari ulionyooka. Alipaka nywele rangi nyeusi kila mwezi na kukana mchana kweupe. Alihubiri kwamba ua lisichumwe, ila kuku alimchinja huku anaendelea kukuhadithia mambo mengine. Na kubwa kuliko yote, huyu aliyetupasulisha vyura mpaka tukawajua kuliko ndugu zetu, alikuwa anaogopa chura aliye hai. Chura akiruka mita tano mbele yake, Madamu anakwenda mita kumi nyuma. Ukimwuliza sababu, anasema yule wa darasani alikuwa ameshatulia.

Alipostaafu alihamia mtaa wetu, huku juu ambako mji unaanza kuupanda mlima. Geti lake linatazamana na duka langu. Mimi ninauza dawa, dawa za dukani zilizo kwenye paketi. Kila asubuhi nilimpa shikamoo, naye kila asubuhi aliitikia, "Marahaba. Hicho nini mkononi?" hata kama mkononi nina ufunguo tu.

Mwisho wa mtaa, pale kijito kinachoshuka kutoka Uluguru kinapotanda kabla ya kuvuka barabara, pana kinamasi. Matete, magimbi ya watu wawili watatu, mbu, na zamani hizo chupa za plastiki za mtaa mzima. Siku moja baada ya masika Madamu alikuja dukani kwangu na mabuti ya mpira yenye tope hadi magotini, ananitazama kama mtu aliyepoteza pochi akaipata. "Ni zuri," alisema. Kisha akakohoa, akaongeza upesi, "Buluu."

Nilifunga duka. Mwalimu wa Baiolojia aliyetumia neno zuri ni jambo la dharura.

Kumbe lilikuwa ua alilowahi kuliona miaka mingi nyuma, alipokuwa akitembea kwa miguu vijiji vya mlimani, huko Kinole na mbele yake, katika mabonde yenye maji. Baadaye mabonde yale yakalimwa, na kila aliporudi alikuta migomba. Alikuwa ameshakata tamaa. Sasa lilikuwa hapa, chini ya pua zetu, mashina kumi na saba, marefu kunizidi kidogo, kila moja na kichwa chenye maua madogo ya buluu iliyokolea yanayochanua kuanzia chini kwenda juu. Nililibingirisha shina. Likakwamakwama. Madamu akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha chura akaruka, tukarudi haraka kuliko tulivyokwenda.

Tangu hapo kila asubuhi kabla ya chai alikwenda kuyatazama. Mimi nilimfuata na fimbo, kazi yangu ikiwa kupiga maji ili vyura wajue kwamba Madamu anakuja. Alibeba daftari na lenzi yake ndogo. Jina la kisayansi alilijua, lakini alilitamka kwa ukali kiasi kwamba sikuthubutu kumwomba alirudie. Wazee wa Kiluguru aliowauliza walimpa majina matatu tofauti, akayaandika yote matatu, akasema wenye mlima wana haki ya kutokubaliana.

Sasa mtu mzima, mwenye shahada, akienda kinamasini kila siku na mabuti, watu watamwuliza swali moja tu, nalo ni, "Dawa ya nini?" Sisi ndivyo tulivyo. Mmea ukiota hapa kwetu unatakiwa ujieleze: unaliwa, unauzwa, au unatibu. Usiokuwa na jibu ni gugu, na gugu linafyekwa. Madamu aliulizwa swali hilo na waendesha bodaboda, na sheikh, na mchungaji, na watoto wa shule ya msingi. Wote aliwajibu kwa sauti ileile. "Siyo dawa ya chochote. Ni ua."

Bi Mwajuma, muuza vitumbua wa kona, hakuridhika kamwe na jibu hilo. Yeye na Madamu walikuwa na mgogoro wao wa chini kwa chini: kila mmoja aliamini mwenzake ndiye mkubwa, na hakuna aliyetaka kupewa shikamoo, basi walisalimiana "habari za asubuhi" kwa uangalifu mkubwa. Bi Mwajuma alikuwa na magoti mabaya. Alimtazama Madamu akipita na mabuti yake, mgongo umenyooka, hatua ndefu, akatikisa kichwa. "Ua tu," alisema. "Haya."

Mambo yaliharibika siku ya mkutano wa mtaa. Mwenyekiti alisimama akasema kinamasi ni mazalia ya mbu na aibu ya mtaa, na kwamba limepatikana lori la kifusi, wiki ijayo kitamwagwa, patengenezwe kijiwe cha bodaboda. Watu wakapiga makofi. Madamu akanyoosha mkono. Alizungumza kwa robo saa, kwa utaratibu, tangu mzizi hadi kichwa cha ua. Alipomaliza, Mwenyekiti akamwuliza kwa heshima kabisa, "Sasa Mwalimu, sisi wana mtaa lina faida gani kwetu?"

Mtu mwingine yeyote angedanganya kidogo. Madamu alifikiri, akasema, "Kwenu ninyi? Sijaiona."

Watu walicheka mpaka mkutano ukafungwa. Yeye alitoka akiwa amekumbatia daftari, na kwa mara ya kwanza nilimwona anatembea polepole. Alipofika getini kwake alishindwa kuingiza ufunguo. Nilimwonea huruma ambayo sikuwahi kumwonea mtu, na huruma ile ndiyo iliyonitia wazimu.

Kesho yake Bi Mwajuma akaja kununua dawa ya kuchua magoti. Nilimpa. Halafu mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nilijiambia kwamba watu hulinda dawa. Kwamba kitu kikiitwa dawa hakuna atakayekimwagia kifusi. "Ila bibi," nilisema, "wapo wanaosema lile ua la buluu linasaidia magoti."

Akaacha kuhesabu chenji. "Mwalimu si anasema siyo dawa?"

"Kwani wewe umemwona ana magoti mabovu? Kila asubuhi anakwenda kule kufanya nini?"

Bi Mwajuma akasema neno moja, "Kumbe!" akaondoka na vitumbua vyake, na ile dawa ya kuchua akaiacha mezani.

Nilichosahau ni kwamba sisi hatulindi dawa. Sisi tunaichimba. Siku ya kwanza walikwenda wenye magoti. Siku ya pili wenye mgongo, maana magoti na mgongo ni majirani. Siku ya tatu wakaja watu nisiowajua kabisa, wengine wameshuka kutoka mlimani na visu vyao, na Mwenyekiti mwenyewe alionekana baada ya sala ya alfajiri akiwa na jembe na kofia ya kujificha. Jioni yake akatangaza kwamba kifusi kimesitishwa, kwa kuwa kinamasi kile ni hazina ya tiba ya mtaa. Kinamasi kikapona. Ndani yake halikubaki hata shina moja la ua, ila mashimo yaliyojaa maji.

Madamu siku hizo tatu alikuwa kitandani na mafua. Nilijua kwamba akiamka atakwenda, basi nikaona afadhali asikie kwangu. Nilimkuta jikoni akikoroga chai. Nikamweleza yote, pamoja na maneno niliyosema kwa kulitumia jina lake. Aliendelea kukoroga muda mrefu baada ya sukari kuyeyuka.

"Umesoma kwangu miaka mingapi?" aliuliza.

"Minne, Madamu."

"Basi kosa ni langu," alisema, akaniomba nifunge mlango nikitoka.

Nimewahi kuchapwa viboko, nimewahi kufukuzwa kazi, lakini sentensi ile iliniuma kuliko vyote hivyo. Kwa miezi kadhaa alinunua panadoli zake mjini, akipita mbele ya duka langu na mfuko wa duka la mtu mwingine. Shikamoo aliiitikia, kwa kuwa si mtu wa kuacha shikamoo hewani. "Marahaba," alisema, na hakuniuliza nina nini mkononi. Nilianza kushika vitu makusudi. Siku moja nilisimama mlangoni na tawi zima la kivumbasi. Alipita.

Mvua zikaja zikaondoka. Asubuhi moja nikiwa napanga rafu, nikasikia mabuti ya mpira. Madamu alikuwa amesimama kaunta, anahema.

"Bi Mwajuma ameniita kwake. Anasema dawa yake imetoa kichwa, anataka kujua kama sasa imeiva. Njoo, wewe ndiye mwenye kesi."

Nilimfuata na fimbo yangu, yeye na daftari lake. Nyuma ya nyumba ya Bi Mwajuma, pale maji ya bafuni yanapotokea, palikuwa na ndoo iliyokatwa nusu. Ndani yake, kwenye tope jeusi, lilisimama shina moja, na juu yake kichwa cha buluu. Madamu alishika ukuta. Kando kidogo, kwenye mafiga, sufuria la maji lilikuwa limeanza kutoa mvuke, na kisu kilikuwa juu ya kifuniko.

"Nilichemsha mizizi mingine yote," alieleza Bi Mwajuma. "Chungu hiyo! Ikaniendesha tumbo siku mbili. Nikasema pengine niliwahi, haijakomaa. Huu nikauacha ukue. Leo naona tayari, au?"

"Bi Mwajuma," alisema Madamu, "hii siyo dawa."

"Ahaa." Bi Mwajuma akacheka, akaweka mikono kiunoni. "Haya yaleyale. Wewe ulikuwa unakwenda kwake kila siku kabla ya chai, unapanda kilima kama msichana. Tangu tumechimba, nakuona unakokota miguu. Mimi lugha ya vitabu siijui, mwenzangu, lakini macho ninayo."

"Nakwambia ukweli. Huyu kijana alikudanganya, mwenyewe huyu hapa."

"Ni kweli, bibi," nilisema. "Nilikudanganya."

"Na ninyi wawili mmekuja pamoja kuniambia hivyo, asubuhi na mapema, mna fimbo na daftari." Alitutazama kwa huruma. "Mnautaka." Akachukua kisu.

Mimi nimemjua Madamu zaidi ya miaka ishirini. Nilimwona akitafuta ukweli mwingine wa kusema, akaukosa. Kisu kilikuwa kimefika shinani. Uso wake ulikunjamana, na sauti iliyotoka haikuwa ya darasani.

"Ni dawa!" alisema. "Ni dawa. Lakini umekosea matumizi."

Kisu kikasimama. "Nilijua," alisema Bi Mwajuma polepole.

"Haichemshwi," aliendelea Madamu, jasho linamtoka. "Ikichemshwa inaendesha tumbo, si umeona? Inatakiwa irudi kwenye maji yake, kinamasini, na mzizi wake mzima. Kisha mgonjwa aifuate kwa miguu yake mwenyewe, kila asubuhi, kabla ya chai. Asimame mbele yake mpaka aone nyuki ametua. Halafu arudi nyumbani."

"Bila kuigusa?"

"Ukiikata, inakata na nguvu yake."

Bi Mwajuma alifikiri. Kisha akanigeukia mimi, kwa kuwa hata mgonjwa aliyedanganywa anarudi kwa mwenye duka. "Eti, mwanangu?"

"Mara moja kwa siku," nilisema. "Asubuhi."

Alitia kisu kwenye kanga, akatwambia tunyanyue ndoo.

Tuliupanda sisi watatu. Bi Mwajuma alishika ukingo wa ndoo, mimi nilichimba, Madamu alishindilia tope kwa mikono yake, taratibu, kana kwamba anafunika mtoto. Tulisubiri. Nyuki alichelewa sana. Alipotua, Bi Mwajuma alishusha pumzi, akashika goti la kulia, akalikunja, akalikunjua, akasema anahisi kitu. Akaondoka akitembea kwa makini, kama mtu aliyebeba maji.

Madamu aliketi chini, kwenye majani mabichi, bila kujali gauni lake. "Nimesema uongo," alisema.

"Ndiyo, Madamu."

"Umeona alivyonisikiliza?" Alijifuta uso kwa mkono wenye tope, akaufanya mbaya zaidi. "Maisha yangu yote nimewaambia watu ukweli. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunisikiliza namna ile." Machozi yalimtoka, na mimi niliyekuwa na kicheko kooni nikajikuta sina tena.

Kesho yake sikufungua duka kwa wakati, nilitaka kuona kama Bi Mwajuma atakuja. Alikuja. Nyuma yake walikuja wanawake watatu, na nyuma yao Mwenyekiti, hana kofia safari hii, amebeba kopo la rangi mikononi. Ndani ya kopo mlikuwa na chipukizi mbili zenye majani manene. Kumbe wengi waliochimba hawakuchemsha yote; kila mtu alijiwekea akiba uani kwake, karibu na maji, na sasa habari za matumizi sahihi zilikuwa zimezunguka mtaa mzima kabla hata ya usiku kuingia.

Madamu alikuwa ameshafika. Alisimama kwenye tope, akimwelekeza kila mmoja mahali pa kupanda, mzizi uingie kiasi gani, jua litoke upande upi. Watu walitii kimya.

"Na mimi wa mgongo, Mwalimu?" aliuliza Mwenyekiti. "Hii yangu naiweka wapi?"

Madamu alinitazama. Niligeuza uso, nikajifanya natafuta vyura.

"Wa mgongo," alisema, "anaanza na lile shimo alilochimba mwenyewe."